Apatimenti ya Bei Nafuu Kwenye Jiji Kubwa: Mwongozo Kamili Kuanzia Kubuku Mpaka Depoziti Irudi

Lalamiko linarudi lilelile kila mara. Mtu kachukua apatimenti yenye jiko ili abane matumizi, wiki imeisha, kapiga hesabu, anakuta katumia sawa na aliyelala hoteli au hata zaidi, na anaishia kusema jiji lile ni ghali. Mara nyingi jiji halina kosa. Hela inavujia sehemu zilezile: bei aliyoiona sio aliyolipa, nyumba iko mbali na usafiri, na lile jiko alilolipia halikuwashwa hata mara mbili. Hiyo ya jiko ndo kubwa kuliko zote, kwa hiyo huko nitakaa sana.

Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke, kwa sababu nyingine zinategemea ile ya nyuma yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Adapta ya plagi ya nchi unayoenda. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti. Nchi nyingi zinatumia volti 220 mpaka 240, ila Marekani, Kanada na Japani ziko kati ya 100 na 120. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako, ikiandikwa 100–240V uko salama. Kikausha nywele na pasi mara nyingi ni za volti moja tu, hizo ziache nyumbani.
- Ekstensheni ndogo. Adapta moja inatosha, chaja zote zinaingia hapo. Ni ya chaja tu, usichomeke birika wala hita.
- Kisu kidogo cha jikoni chenye ala. Visu vya nyumba za kupanga ni butu karibu kila sehemu. Kiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, sio la mkononi.
- Makontena mawili matatu yenye mfuniko unaobana. Ya kiporo na ya chakula cha kutoka nacho mchana.
- Sponji mpya ya vyombo. Ile utakayoikuta pale usiitumie.
- Karatasi yenye anuani kamili kwa maandishi ya nchi hiyo, namba ya simu ya mwenyeji na maelekezo ya kuingia. Simu inaweza kuzima mlangoni.
- Kadi ya benki yenye nafasi ya kuzuiwa depoziti, yani dhamana ya nyumba, bila wewe kubaki huna hela ya kula.

## Hatua ya 1: Tafuta bei ya usiku ya kweli

Ile namba kubwa unayoiona kwenye tangazo isahau. Chukua jumla ya mwisho kabisa, ile inayotokea kabla ya kubonyeza kulipa, jumlisha kodi ya jiji (ushuru anaotozwa mgeni anayelala hapo) kama haijawekwa humo, alafu gawa kwa idadi ya siku utakazolala.

Sababu ni ada ya usafi. Inalipwa mara moja, ulale siku moja ulale kumi. Chukulia usiku ni 40 na usafi ni 60. Ukilala siku mbili, kila usiku unakugharimu 70. Ukilala siku sita unakugharimu 50. Nyumba ni ileile, kitanda ni kilekile. Ndo maana apatimenti kwa siku moja au mbili mara nyingi haina faida, bora chumba cha kawaida cha hoteli, na hili nalisema kwa dhati kabisa kwa sababu watu wengi wanang'ang'ania jiko ambalo hawatapata hata muda wa kulitumia.

Kama unakaa siku sita, jaribu kuweka saba. Matangazo mengi yana punguzo la wiki linaloanzia siku 7 na la mwezi linaloanzia siku 28, na wakati mwingine jumla ya siku saba inakaribiana sana na ya sita.

Tahadhari: kodi ya jiji sehemu nyingi inahesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku na wengine wanaidai mkononi ukifika. Uliza kabla.

Umefaulu ukiwa na namba moja tu ya kila nyumba, na unalinganisha namba hizo badala ya picha.

## Hatua ya 2: Pima mahali kwa dakika

Tangazo litakwambia "karibu na katikati ya jiji". Hiyo haina maana yoyote. Fungua ramani, weka safari kutoka nyumba mpaka sehemu utakayoenda mara nyingi, weka na saa utakayosafiri. Rudia kwa saa ya kurudi usiku, kwa sababu treni na mabasi yanapungua au yanakata kabisa, na teksi mbili za usiku zinaweza kumeza kila ulichookoa.

Kutembea mpaka stesheni isizidi kama mita 800, yani dakika kumi hivi bila mzigo. Alafu angalia kama kuna duka la vyakula la kawaida njiani kati ya stesheni na nyumba. Njiani, sio upande wa pili. Duka ambalo lazima utoke tena kulifuata ukiwa umechoka hutalifuata, utakula nje.

Uliza lifti, na uliza ghorofa kwa kuhesabu ngazi. Uingereza na Ufaransa ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu ya ile ya chini, Marekani ghorofa ya kwanza ndo ya chini kabisa. "Ghorofa ya nne bila lifti" ina maana mbili tofauti kulingana na unakoenda.

Kwenye maoni ya wageni anza na yale mabaya na yale mapya. Tafuta maneno kelele, maji moto, harufu, intaneti, baridi. Mtu mmoja akilalamika kelele inaweza kuwa ni yeye. Wakilalamika watatu kwa miezi tofauti, hiyo ni nyumba.

## Hatua ya 3: Hakikisha nyumba ipo na inaruhusiwa

Chukua picha mbili tatu za tangazo uzitafute kwenye injini ya kutafuta kwa picha. Picha hizohizo zikitokea na jina lingine, mji mwingine, au kwenye tangazo la nyumba inayouzwa, achana nayo.

Malipo na mazungumzo yote yabaki kwenye mtandao uliobukia. Mwenyeji akikwambia tuma benki nikupunguzie, hapo jibu ni hapana hata kama punguzo ni tamu, kwa sababu ukishatoka nje ya mtandao hakuna wa kukurudishia.

Kuna na suala la kibali ambalo wengi hawaliangalii. Miji mikubwa imebana sana nyumba hizi. New York tangu Septemba 2023 inataka mwenyeji awe amesajiliwa kama anakodisha kwa chini ya siku 30, na lazima awe anaishi humohumo na wageni wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza 2024 kwamba haitahuisha vibali vya nyumba za watalii na inataka viishe kufikia Novemba 2028. Tangazo likiondolewa wiki moja kabla ya safari, utarudishiwa hela ndio, ila utatafuta pa kulala kwa bei ya dakika za mwisho. Kama jiji linataka namba ya usajili, itafute kwenye tangazo, na kama haipo uliza.

## Hatua ya 4: Muulize mwenyeji haya, kwa maandishi

Ujumbe mmoja, maswali mafupi:

1. Jiko ni la gesi, la umeme la kawaida au la induksheni (la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku)? Lina sehemu ngapi za kupikia?
2. Kuna sufuria yenye mfuniko, kikaango, kibao cha kukatia na kifaa cha kufungulia makopo?
3. Friji ina sehemu ya kugandishia?
4. Maji moto yanatoka kwenye tanki au yanachemka hapohapo?
5. Funguo napokeaje, na nikichelewa kufika usiku inakuwaje?
6. Kuna gharama yoyote nitalipa nikifika, ikiwemo umeme, hita au taulo?

Tangazo likisema tu "jiko" linaweza kuwa ni maikrowevu na birika juu ya meza. Jibu la maandishi ndo ushahidi wako baadaye.

Umefaulu ukipata majibu ya moja kwa moja. Anayekwepa namba 1 na namba 6 usimpe hela yako.

## Hatua ya 5: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Najua umechoka na unataka kuoga. Vumilia kidogo, hii saa moja ndo inalinda kila kitu kingine.

Mabegi yakae bafuni kwanza, kwenye vigae au ndani ya beseni la kuogea. Sio kitandani, sio kwenye zulia.

Kagua kunguni. Funua shuka kwenye pembe za godoro, washa tochi ya simu, pitisha mwanga kwenye mishono, nyuma ya kichwa cha kitanda na kwenye mishono ya sofa. Kunguni mkubwa ana kama milimita 5, bapa, rangi ya kahawia, anaonekana kwa macho. Tafuta pia vidoti vyeusi vilivyokaa kama wino uliosambaa, hayo ni mavi yao. Ukiona, piga picha, toka, mwandikie mwenyeji na mtandao hapohapo. Usikubali kuhamishiwa chumba cha pembeni, maana wanapita kwenye ukuta.

Rekodi video moja ndefu kuanzia mlangoni: kuta, sakafu, madirisha, ndani ya friji, ndani ya oveni, juu ya jiko, chini ya sinki, kila ufa na kila doa. Usiikate. Picha moja moja zinabishaniwa, video isiyokatwa ni ngumu kuikataa.

Mlango. Funga na fungua kwa funguo ukiwa umesimama nje, mwenzio au simu ikiwa na wewe. Milango mingi ya apatimenti inajifunga yenyewe ikipigwa na upepo, na kwenye baadhi ya vitasa ukiacha funguo upande wa ndani ile ya nje haiingii. Fundi wa kufungua usiku ni gharama ambayo hutaki kuijua.

Gesi na moshi. Kama kuna jiko la gesi, hita ya gesi au ya kuni, tafuta kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi na ubonyeze kitufe cha kujaribu. Gesi hii haina rangi wala harufu, inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na inaua watu wakiwa wamelala. Ukihisi hivyo na mwenzio naye anahisi hivyo, fungueni mlango mtoke nje saa hiyohiyo, alafu mpige simu ya dharura mkiwa nje. Kutafuta chanzo sio kazi yenu.

Kamera. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, ilipiga marufuku kamera za ndani kuanzia 30 Aprili 2024, haijalishi zimetajwa au hazijatajwa. Ukikuta moja sebuleni, piga picha na uripoti.

Maji moto na intaneti. Fungua bomba mpaka maji yawe moto kweli. Unganisha waifai ukiwa kitandani na ukiwa mezani, sio karibu na kile kifaa cha intaneti tu.

Kilichoharibika kiripoti leo. Kwenye Airbnb shida inatakiwa iripotiwe ndani ya saa 72 tangu uigundue, na mitandao mingine nayo haipendi lalamiko la siku ya kuondoka.

## Hatua ya 6: Jiko

Hapa ndo hela inapookolewa au kupotea.

### Liwashe kabla hujaenda dukani

Watu wengi wanakata tamaa na jiko usiku wa kwanza kwa sababu halikuwaka, wanatoka kula nje, na kuanzia hapo hawalirudii tena. Kama ni la kioo lenye kugusa, kwanza tafuta alama ya funguo au kufuli. Ni kizuizi cha watoto. Bonyeza na ushikilie sekunde kadhaa mpaka taa yake izime.

Bado linagoma? Huenda ni induksheni na sufuria sio yake. Chukua sumaku yoyote, hata ile ya mlangoni mwa friji, iweke chini ya sufuria. Ikishika vizuri sufuria itafanya kazi, isiposhika haitapata moto hata ukae hapo mpaka asubuhi. Aluminiamu tupu na shaba hazishiki.

Friji nayo iangalie mapema. Wenyeji wengine wanaizima kati ya mgeni na mgeni, na ikiwashwa inahitaji masaa kadhaa kupoa, kwa hiyo usinunue nyama na maziwa ya siku tatu ukaingiza kwenye friji yenye joto.

### Umeme ukikata ghafla

Sio lazima mtaa umekatika. Saketi ya ampea 16 kwenye volti 230 inabeba kama wati 3,680. Birika la umeme peke yake ni wati 2,000 hivi, oveni nayo karibu hivyo, ukiwasha vyote pamoja swichi ya kwenye bodi inashuka. Zima kimoja, nenda kwenye bodi, pandisha swichi iliyoshuka. Ikishuka tena bila kitu kikubwa kuwa kimewashwa, usiilazimishe, mpigie mwenyeji.

### Manunuzi ya siku ya kwanza

Fungua makabati kwanza. Chumvi, mafuta, sukari na majani ya chai mara nyingi wageni waliopita wameacha, ila chukua kilichofungwa vizuri na kisichopitwa na muda. Alafu nenda dukani ukiwa umekula kitu kidogo, na nunua vya siku mbili tu, sio vya wiki. Hujaijua friji, hujaijua ratiba yako, na kile utakachotupa siku ya mwisho ni hela uliyoitupa.

Kinachofanya kazi karibu kila mji:

- Mayai, mkate na matunda ya asubuhi.
- Wanga mmoja, mchele au tambi, sio vyote.
- Maharage au dengu za kopo, zimeshaiva na hazili moto.
- Vitunguu, nyanya na mboga moja ya majani.
- Pakiti ndogo za kila kitu. Chupa kubwa ina bei nzuri kwa lita lakini utaiacha imejaa.

### Pika mara moja, kula mara mbili

Kila ukipika usiku, pika mara mbili ya unachokula. Nusu inaingia kwenye kontena na kesho inakuwa chakula cha mchana. Mchana ndo mtego wa jiji kubwa, una njaa, uko katikati ya watu, unanunua chochote kilicho karibu kwa bei yoyote. Mwenye kontena kwenye begi hana hiyo shida.

Kiporo kina masharti na usiyapuuze. Kisikae nje zaidi ya masaa mawili baada ya kuiva, friji iwe chini ya nyuzi 5, na kukipasha kifike nyuzi 70 kote, yani kinatoa moshi mpaka katikati. Wali ndo wa kuangalia zaidi kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha zinaamka na kutoa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Utandaze kwenye kontena pana upoe haraka, uweke kwenye friji. Na cha kutoka nacho mchana kitoe kwenye friji dakika ya mwisho, ukile mapema.

Tahadhari: nyumba ndogo jiko liko mita mbili kutoka kitandani. Washa feni ya moshi kabla ya kukaanga, fungua dirisha, na usifunike kengele ya moshi hata kwa dakika moja. Mafuta yaliyobaki usimwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba na utadaiwa fundi. Yamimine kwenye kopo tupu, yakipoa tupa na taka.

Umefaulu ukiona siku ya tatu unakula asubuhi na mlo mmoja mwingine kutoka jikoni kwako bila kujilazimisha. Sisemi usile nje kabisa. Mlo mmoja mzuri wa jiji hilo, ulioupanga, ni sehemu ya safari. Shida ni ile milo ambayo hukuipanga.

## Hatua ya 7: Maji, nguo, taka na majirani

Kama maji moto yanatoka kwenye tanki, yana mwisho. Tanki la lita 50 lenye hita ya wati 1,500 linahitaji karibu saa moja na dakika 45 kupandisha maji kutoka nyuzi 15 hadi 60, kwa hiyo familia ya watu wanne wapangane, wawili usiku wawili asubuhi.

Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja inachukua masaa mengi na inakausha kiasi kidogo kuliko inachofua. Weka nusu, iwashe asubuhi ukiwa ndani, usiiache ikaendelea wewe umetoka.

Taka soma maelekezo ya jengo, miji mingi inatoza faini kwa kuchanganya. Na kelele zipungue mapema usiku, jirani akipiga simu kwa mwenyeji unaweza kutolewa.

## Hatua ya 8: Kuondoka

Anza jana yake. Panga mlo wa mwisho kutokana na kilichobaki kwenye friji, osha vyombo, fua kama ni lazima, na uliza mwenyeji anataka nini hasa kifanyike, maana wengine wanataka shuka zitolewe na wengine wanataka uache kila kitu.

Asubuhi ya kuondoka rekodi video nyingine kwa njia ileile ya siku ya kwanza, kuanzia mlangoni, bila kukata. Zima jiko, funga madirisha. Piga picha funguo zikiwa pale ulipoambiwa uziache, alafu tuma ujumbe kwenye mtandao uliobukia: nimetoka saa fulani, funguo ziko hapa, hakuna kilichoharibika. Kama kimevunjika glasi, sema mwenyewe na ulipe glasi, ni nafuu sana kuliko ubishi.

Video zote mbili usizifute ukishafika nyumbani. Kwenye Airbnb mwenyeji ana siku 14 baada ya wewe kutoka za kudai fidia, na dai linaweza kuja siku ya kumi na mbili wakati umeshasahau hata rangi ya ukuta. Likija, jibu ndani ya muda uliopewa, ambatisha video ya kuingia na ya kutoka, taja dakika na sekunde kitu hicho kinapoonekana. Depoziti iliyozuiwa kwenye kadi, siku za kuachiwa zinategemea benki yako, kwa hiyo ikichelewa omba kwa mwenyeji au mtandao uthibitisho kwamba imeachiwa, alafu nenda nao benki.